Fidia ya Tabianchi Isiitwe Msaada

Januari nilikwenda Chamwino, mkoani Dodoma, kumsaidia shangazi yangu shambani. Alikuwa akirudishia uwele, kwa kuwa mvua ya Desemba ilikatika wiki tatu mfululizo mbegu zilipoanza kuota. Alifukua shimo moja kwa kidole, akanionyesha chipukizi jeupe lenye urefu wa kucha, limekauka kabla ya kutoboa udongo.

Sidai kwamba kila ukame wa Ugogo, nchi ya Wagogo, umetoka ng'ambo. Eneo hilo hupata mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na njaa ilikuwapo hata enzi za mababu. Hata hivyo, joto la dunia linaongeza uzito juu ya mzigo uliokuwa mzito tayari, na walioliongeza zaidi si wakulima wa uwele: kwa wastani Mtanzania hutoa chini ya tani 1 ya hewa ukaa kwa mwaka, ilhali Mmarekani hutoa zaidi ya tani 10.

Katika swali la kama fedha ambazo nchi tajiri huzipa nchi zinazoumia ni fidia au msaada, namrudia Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ingawa sikubaliani naye hata kidogo alipotetea utumwa. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alitenganisha ukarimu na haki, na ndani ya haki akaeleza ile ya kurekebisha, ambayo haimuulizi mtu kama ni mwema au mbaya, bali huangalia nani amepata zaidi na nani amepunjwa. Alimfananisha hakimu na mtu aliyekuta mstari umegawanywa vipande visivyo sawa, akakata ziada ya kile kirefu na kuiunga kwenye kile kifupi.

Wapo wanaojitetea kwamba walioanzisha viwanda hawakujua madhara yake. Utetezi huo una uzito kwa miaka ya mwanzo, lakini mwanasayansi Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa athari ya hewa ukaa kwa joto la dunia tangu mwaka 1896, na mwaka 1992 mataifa yalitia saini mkataba wa tabianchi kule Rio de Janeiro. Aristotle anataja sheria zilizompa mlevi adhabu maradufu, kwa sababu kutojua kwake kulitokana na hiari yake mwenyewe ya kulewa. Mataifa yaliyoendelea kuchoma makaa ya mawe baada ya Rio hayana hata kisingizio cha mlevi huyo.

Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ili kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa humo ilikuwa mikopo. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, kwa maana ni sawa na hakimu kuikata ziada ya kipande kirefu, akamkabidhi mwenye kifupi, kisha akamdai airudishe.