Aliyejiunga kwa Muhali Huondoka Kimya

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Pemba kuzika, na baada ya maziko nikapita Wete kwa binti niliyemwingiza kwa mkono wangu katika biashara ya mtandao. Ni ile biashara ya kuuza sabuni, mafuta ya mwili na dawa za meno nyumba kwa nyumba, huku ukitafuta wengine wajiunge chini yako. Alidumu siku kumi na tisa. Baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa kwa miezi minne. Ujumbe ulisomwa, jibu halikuja. Siku hiyo alinikaribisha vizuri, akanitengea chai na maandazi, lakini macho yake hayakuinuka kutoka kwenye jamvi. Chini ya kitanda niliona ukingo wa katoni niliyomuuzia.

Hakuwa akiniogopa wala hakunichukia. Alikuwa akinionea muhali.

Nimeongoza timu ya wauzaji hapa Unguja kwa miaka kadhaa, na katika kila kikao cha viongozi suala hili halikosi kuzuka: mgeni akiacha mapema, katika wiki za mwanzo, umwache aende au umfuate? Pande zote mbili zina watu wenye akili na uzoefu, na mimi nimewahi kusimama kila upande kwa wakati wake.

Wanaosema mwache aende wana hoja nzito. Muda wa kiongozi una mwisho, na vocha ya simu inagharimu. Ukishinda unambembeleza aliyechoka, yule anayetaka kujifunza anakosa mtu wa kumshika mkono, kisha naye anaondoka. Wanaongeza kwamba hakuna kazi ya kuuza ambayo wote walioianza huibakia. Hesabu waliowahi kupanga bidhaa Darajani kwa msimu mmoja wa Ramadhani, kisha angalia wangapi wapo baada ya sikukuu ya pili. Kuna pia suala la heshima: mtu mzima akishaacha, kumpigia kila jioni ni kumgeuza mtoto. Nilifuata msimamo huu kwa miaka miwili, na sikatai kwamba ulinipa nafuu.

Lakini msimamo huo umejengwa juu ya dhana kwamba watu wa kuingiza hawamaliziki. Akitoka mmoja, watatafutwa wawili. Tupige hesabu ile ile inayochorwa ubaoni kwenye semina: wewe unaingiza sita, kila mmoja wao anaingiza sita, na kuendelea. Kufika ngazi ya saba, ngazi hiyo peke yake ina watu 279,936, yaani zaidi ya nusu ya Pemba nzima, ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 pamoja na watoto wachanga. Ukishuka ngazi moja zaidi na kujumlisha zote nane, unapata watu 2,015,538. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,889,773. Penye bara kubwa kiongozi anaweza kuhamia mji mwingine na kuanza upya kwa wasiomjua. Sisi tunakutana tena bandarini, harusini na msibani. Yule uliyemwacha aende hakwenda popote, bado ni jirani ya mteja wako, na akiulizwa kuhusu biashara yako atasema alichokiona.

Upande wa pili, wa kumfuata, nao una ukweli wake. Wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Mgeni anapogonga mlango wa kwanza na kuambiwa "labda siku nyingine", anadhani kosa ni lake. Nimeona zaidi ya mara moja mtu aliyekwisha kata tamaa akasimama tena kwa sababu tu kiongozi wake alikwenda naye kwa wateja watatu, akamwonyesha namna ya kueleza bidhaa bila kuomba. Anayesema kila aliyeacha ni mvivu hajawahi kufanya kazi hiyo ya kuongozana.

Hatari yake kwetu ni nyingine. Anayefuatwa na mtu anayemheshimu hawezi kusema "sitaki tena". Atasema inshallah. Atakuja kwenye semina, atakaa kiti cha nyuma, na akiondoka atanunua katoni nyingine ili asikuvunje moyo. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa yule wa Wete. Siku ya kumi na mbili nilipoona amelegea, nilimpigia, nikamtia moyo kwa dakika arobaini, na siku ya pili akanitumia fedha za mzigo wa pili. Nilifurahi. Leo najua fedha zile zilikuwa za ada ya skuli ya mdogo wake, na mzigo ule ndio ulioishia chini ya kitanda.

Ndiyo maana nadhani mjadala wetu unaanzia pahala pasipo pake. Pande zote mbili zinaitazama siku ya kuondoka, na mimi sasa naitazama siku ya kujiunga. Wengi wanaotuacha mapema hawakuwahi kutaka biashara. Walimkubalia dada, mwalimu wa zamani, wifi, au jirani aliyewasaidia siku ya msiba. Semina zetu zimejaa mafunzo ya namna ya kustahimili kukataliwa: ukikataliwa mara kumi, wa kumi na moja atakubali. Mafunzo hayo yameandikwa na watu ambao kwao mtu asiyetaka husema hapana. Hapa kwetu hapana ni neno la kuvunja undugu, kwa hiyo ndiyo yetu si kipimo cha kitu. Kiongozi anayehesabu ndiyo kumi za Jumapili ahesabu pia ngapi kati yake zilitoka kwa watu wenye uwezo wa kumkatalia.

Muhali huo huo ndio unaoua mauzo. Mgeni anaambiwa aandike orodha ya majina mia, na majina ya mwanzo bila shaka ni ya jamaa. Shangazi anachukua mafuta, anasema atalipa mshahara wa mumewe ukitoka. Wifi anachukua sabuni nne na dawa ya meno. Jirani anachukua moja ya kujaribu. Kwenye daftari mgeni ameuza vizuri sana, pengine kuliko wote waliojiunga wiki hiyo, na kiongozi anampongeza mbele za watu. Mfukoni hana kitu. Na sasa anatakiwa aende kumdai shangazi aliyemlea! Pemba jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu fedha huja kwa msimu. Karafuu zikiwa majamvini kila mtu ana ahadi ya kulipa, na msimu ukipita bila zao kubwa, ahadi inasubiri msimu mwingine. Mtu wa namna hii hakuacha kwa kukosa bidii. Aliacha kwa sababu kuendelea kungemlazimu achague kati ya mtaji na ukoo.

Kuna jambo la kwetu ninalolikumbuka ninaposikia mgeni akiitwa mvivu. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wengi waliingia kwa moyo. Baadaye wengi waliacha, na walikuwepo waliosema wamechoka kazi. Huku aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ilikuwa ikifa maji yalipopata joto, na iliyobaki, spinosamu, ilikuwa na bei duni. Aliyetaka kujua kwa nini wanaacha ilimpasa aingie kwenye maji kwanza.

Sisemi kwamba biashara hii yote ni udanganyifu, na wanaosema hivyo nawajibu kwa heshima. Kuuza nyumbani kuna nafasi yake hapa. Wapo wanawake wasioweza kukaa dukani, kwa sababu ya watoto, au mzazi mgonjwa, au kwa kuwa mume hataki, na bidhaa inayouzwa ukumbini inawapa kipato chao wenyewe. Hata huko ilikoanzia ndivyo ilivyokuwa: kampuni iliyokuja kuitwa Avon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1886, ilitegemea wanawake wa kuuza manukato kwa majirani zao, miaka zaidi ya thelathini kabla wanawake wa nchi nzima hiyo hawajahakikishiwa haki ya kupiga kura. Lakini ukweli wa mapato lazima usemwe. Utafiti wa taasisi ya AARP wa mwaka 2018 kwa Wamarekani waliojiunga na biashara za mtandao ulikuta asilimia 47 walipoteza fedha, asilimia 27 hawakupata wala kupoteza, na asilimia 25 ndio waliopata faida. Hizo ni takwimu za kwao, zetu zaweza kuwa tofauti. Hata hivyo nikizitazama siwezi kumwambia mgeni kwamba kuondoka kwake ni kushindwa. Huenda amepiga hesabu vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo swali lililo zito kwangu ni la katoni. Mtu akiondoka, bidhaa zilizobaki ni za nani?

Hapa mambo mawili ya mbali yanakutana kwa namna iliyonigusa. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani ilipotoa uamuzi kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao kama yetu, si upatu wa piramidi, moja ya sababu ilikuwa kanuni ya kampuni kwamba aliyemwingiza mtu lazima anunue tena bidhaa nzima zilizobaki, mtu huyo akitaka kuacha. Tume ile ile iliikuta kampuni na makosa mengine, yakiwemo ya kutia chumvi mapato, kwa hiyo haikuwa sifa tupu. Na mwaka 2009 Baraza la Taifa la Sharia la maulamaa wa Indonesia lilitoa fatwa namba 75 iliyoruhusu uuzaji wa ngazi kwa masharti. Bidhaa iwe ya kweli, malipo yatokane na kazi ya kweli, na aliyemwingiza mwenzake awe na wajibu wa kumlea na kumsimamia. Fatwa ya Kamati ya Kudumu ya wanazuoni wa Saudi Arabia ya 2004 ilikuwa imekwenda njia nyingine na kuharamisha, kwa hoja kwamba lengo la mjiunga huwa ni kamisheni na si bidhaa. Kuamua kati ya wanazuoni si kazi yangu. Ninachokiona ni kwamba anayeharamisha na anayeruhusu wote wanauliza kama bidhaa ile inanunuliwa kwa kuhitajiwa, au ni tiketi tu ya kuingilia. Katoni iliyolala chini ya kitanda ni jibu la swali hilo.

Na tusisahau khiyari, yaani haki ya kuvunja mauziano, ambayo wengi wetu tulisomeshwa chuoni tungali wadogo. Sahaba Hibban bin Munqidh alikuwa akidanganyika katika biashara, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aseme anaponunua kwamba hakuna hadaa, na akawa na siku tatu za kuamua. Kumpa mgeni nafasi ya kurudi nyuma si ugeni kwetu.

Sasa nafanya hivi. Mtu akinikubalia siku ya kwanza, sichukui fedha yake. Namwambia akalale nalo wiki moja, na akinyamaza nitaelewa wala sitamuuliza, hata tukikutana sokoni Mwanakwerekwe. Wengi hunyamaza. Anayerudi mwenyewe namwanzishia mzigo mdogo anaoweza kuupoteza bila kulala njaa, na tunakubaliana kwamba jamaa wa karibu hawakopeshwi. Sheria hii inawaudhi watu mwanzoni, lakini inampa mgeni pa kujisitiri: anaweza kusema ni bosi wangu aliyekataza. Akitaka kuacha ndani ya siku thelathini, nanunua kila chupa ambayo haijafunguliwa, kwa bei aliyonunulia, na simuulizi sababu mpaka fedha imfikie.

Viongozi wenzangu wanasema nitafilisika, na kwamba mgeni akijua anarudishiwa hatajituma. La pili lina ukweli kiasi. Wapo wawili walionirudishia mzigo bila kugonga hata mlango mmoja. La kwanza limenigusa zaidi: timu yangu imepungua, bonasi imeshuka, na cheo nilichokuwa nacho kimerudi nyuma, kwa sababu wanaotupima wanahesabu walioingia mwezi huu na hawahesabu chupa zilizorudi. Mwenye watoto wa kulisha kwa bonasi hiyo siwezi kumlaumu akikataa kufanya ninavyofanya. Kampuni ndiyo yenye mfuko wa kubeba marejesho haya, na hadi itakapoyabeba, kiongozi mwema atakuwa anaadhibiwa kwa wema wake. Hilo ndilo ninalolisema sasa katika kila kikao ninachoitwa.

Wete siku ile tuliivuta katoni tukahesabu. Chupa kumi na moja zilikuwa nzima, nne zimefunguliwa. Nikamtumia fedha zake kwa simu pale pale, akatazama ujumbe ukiingia, kisha ndipo akainua uso na kuniuliza habari za wanangu. Tulizungumza mpaka adhana ya alasiri. Nikiwa navaa viatu nilimuuliza kuhusu daftari lake, yale madeni ya wifi zake watatu, kama angependa nimsaidie kuyadai. Akatikisa kichwa.

"Hayo yaache, dada. Harusi ya mdogo wao ni mwezi ujao."