Shingo ya kijana wa Kibirizi

Huku Kibirizi, Kigoma, jirani yangu muanika dagaa ana kijana mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini yasiyo ya kweli. Siku chache baada ya kuanza haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, shingo ilimkakamaa ikapinda, macho yakaelekea juu, udenda ukamtoka. Mawifi wakasema dawa ndiyo inayomuua, arudishwe kwa mganga. Mama akanigeukia: "Baba, wasomi wote hao, hakuna anayejua kilichompata mwanangu?"

Chanzo hasa cha skizofrenia hakijajulikana. Mwaka 2022 watafiti waliopima vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 76,000 walipata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu, kila moja ikichangia kidogo sana. Kipimo cha damu hakuna mpaka leo. Thomas Insel, aliyeongoza taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya ya akili kuanzia 2002 hadi 2015, alikiri kwamba dola bilioni 20 hivi zilizotumika kwenye utafiti zilizaa machapisho mazuri, lakini watu hawakupungua kujiua. Wapo wanaosema basi, fedha ziende kwenye tiba badala ya kutafuta chanzo. Wana hoja. Zimbabwe, akina bibi waliofunzwa kukaa benchini na kuwasikiliza wenye sonona waliwapa nafuu kubwa, na utafiti wa 2016 ulithibitisha hilo. Hawakungoja chanzo kijulikane.

Lakini nikiikumbuka ile shingo, nasita. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Inazuia dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, hata pale inapohitajika kuongoza misuli, ndiyo maana shingo ikapinda. Miaka zaidi ya sitini tunatumia dawa ileile kwa sababu mzizi wa ugonjwa haujafikiwa. Na mzizi ukifikiwa, mambo hubadilika: zamani hospitali za wagonjwa wa akili Ulaya na Marekani zilijaa watu waliopooza na kurukwa na akili, hadi mwaka 1913 vijidudu vya kaswende vilipoonekana ndani ya bongo zao. Penisilini ilipopatikana, wagonjwa wa aina hiyo wakaadimika.

Mimi ningeanza na zahanati, maana mgonjwa wa leo hawezi kungoja maabara. Ila utafiti usiachwe, na usiendelee kutuacha nje: wengi mno kati ya waliopimwa vinasaba hivyo wana asili ya Ulaya.

Kijana alipewa benzeksoli, dawa ya kutuliza mkakamao huo, shingo ikalegea siku ileile, akala ugali na dagaa wa mama yake. Wiki iliyopita mama alikwenda kuchukua nyingine, akaambiwa zimekwisha, arudi Jumatatu.