Jedwali la Shemeji na Ngazi za Corniglia

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekaa Parma muda wa kutosha kuamini kwamba Italia yote imo kiganjani mwake. Parma, kwa wasioijua, ni mji ulio kwenye uwanda wa mto Po, na ardhi yake ni tambarare kiasi kwamba hata vikongwe huenda sokoni kwa baiskeli bila kuhema. Nautaja utambarare huo mapema kwa sababu ndio uliotuponza. Mtu aliyezoea nchi ya namna hiyo akifungua ramani huona kilomita tu. Haimjii kwamba kilomita nyingine zimesimama wima.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kuwatembelea wanawe, na baada ya kukaa nasi Ujerumani kwa muda, ikaamuliwa kwamba sote tukutane Italia tumpeleke kuiona bahari ya huko. Shemeji alijitwika upangaji wote. Wengine tukiandika ujumbe wa kupendekeza hiki au kile, yeye alijibu kwa jedwali lenye rangi nne, ambamo kila dakika ya siku zetu ilikuwa imeshapewa kazi. Alikuwa amechagua Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Liguria, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Uchaguzi wenyewe haukuwa na kasoro. Kasoro ilianza alipotafuta pa kulala, akagundua kwamba Corniglia ndiko kulikobaki nyumba yenye jiko kwa bei ya kibinadamu, na badala ya kujiuliza kwa nini wenzake wameikimbia, akaliona jambo hilo kuwa ni ujanja wake. Alitueleza kwamba Corniglia iko katikati ya vijiji vingine, kwa hiyo kutoka hapo kila mahali ni karibu.

Mama, ambaye amezaliwa Pangani na hupenda kujua maji yako wapi kabla hajakubali kulala popote, aliuliza swali moja tu:

"Nyumba iko mbali na bahari, mwanangu?"

"Mita mia moja tu, Mama," Shemeji akajibu.

Ninakiri kwa niaba yake kwamba hakusema uongo. Corniglia iko mita mia moja hivi kutoka baharini, isipokuwa mita zote hizo zimeelekea juu.

Kwa kuwa nyumba ilikuwa na jiko na bahari ilikuwa mlangoni, Mama aliona hakuna sababu ya kununua chakula cha hotelini wakati samaki wabichi watakuwa wanashushwa mbele ya macho yake. Alikuwa amemletea Shemeji mbuzi ya kukunia nazi kutoka Tanga, ile ya mti wa mninga yenye kiti cha kukunja na ulimi wa chuma, kwa sababu aliamini kijana wake anakonda kwa kula tambi. Mbuzi hiyo ilifungwa kwenye kanga mbili ikatiwa ndani ya sanduku la magurudumu, pamoja na sufuria, mchele wa kutosha kulisha hitima, pilipili, ndimu na nazi nne zilizonunuliwa dukani Parma. Mke wangu alipojaribu kusema kwamba Italia kuna mchele, alitazamwa kwa namna iliyomfanya akumbuke ghafla kwamba hajamaliza kupiga pasi.

Treni ya Parma hadi La Spezia hupita katika milima ya Apennini kwa takriban saa mbili, nayo ilitufikisha salama. La Spezia tulipanda ile ya vijijini, ambayo Shemeji alikuwa ameiandika katika jedwali kwa rangi ya buluu: "Mandhari ya bahari, wote kukaa upande wa kushoto." Tukakaa upande wa kushoto. Reli hiyo imechimbwa ndani ya milima, na kati ya kijiji na kijiji treni hukimbia gizani karibu muda wote. Bahari hutokea kama umeme wa radi, ukisema "ile pale" imeshapotea. Mama alikuwa amefuta kioo kwa ncha ya mtandio wake. Baada ya handaki la tatu aliuliza kwa upole kama bahari ya Wazungu huwa inafungwa mchana.

Stesheni ya Corniglia iko chini kabisa, kando ya maji. Tuliposhuka tulitazama kulia, tukatazama kushoto, hatukuona kijiji. Mke wangu ndiye aliyeinua uso, akanyamaza. Juu ya jabali, mbali sana kuliko hadhi ya neno "mita mia moja", kulikuwa na nyumba zilizopakwa rangi ya waridi na manjano, na kutoka miguuni petu hadi huko ilipanda ngazi ya matofali inayokwenda ikijipinda na kurudi, ambayo wenyeji huiita Lardarina. Ina vidato 382 katika mikunjo 33. Nje ya stesheni watu wengi walikuwa wamepanga foleni wakisubiri kitu. Mama akataka kujua wanasubiri nini. Shemeji aliwatazama kwa huruma, akasema hao ni watalii wasiokuwa na mpango, kisha akasoma katika jedwali: "Kupanda hadi nyumbani, dakika kumi."

Hapa sina budi kueleza hali yangu. Mkwe wa kiume wa pwani hana haki ya kuchoka mbele ya mama mkwe wake. Haruhusiwi kuguna, haruhusiwi kusema mzigo ni mzito hasa ukiwa ni mzigo wa huyo mama, na akiulizwa kama anahitaji msaada jibu lake ni moja. Nililishika sanduku, nikalinyanyua kwa tabasamu, na kiti cha mbuzi kikanichoma mbavuni kwa mara ya kwanza.

Mama alivaa makubadhi yake mapya. Shemeji alikuwa amesoma kwamba hifadhi ya Cinque Terre, ambayo ilianzishwa mwaka 1999, iliwahi kutangaza faini inayoanzia euro 50 kwa wanaokwenda kwenye njia za mlimani na ndala au viatu vyepesi, kwa hiyo kila tulipokutana na mtu mwenye sare alisimama mbele ya miguu ya mama yake akajifanya anapiga picha. Mtu wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli. Wa pili alikuwa mtoto wa skauti. Tulipofika mkunjo wa saba au wa nane Mama aliketi juu ya kidato, akaomba maji, akaanza kuhesabu mikunjo iliyosalia kwa kidole, akafika mahali akakunja kidole.

Ukiketi hapo, lazima ukiri, unaona vizuri kazi ya watu wa Liguria. Mlima wote umekatwa matuta, na kila tuta limezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, nayo mizabibu imepandwa juu yake katika mistari myembamba ambayo jembe la ng'ombe lisingeweza kugeuka. Kupandisha mavuno kwa mabega ilikuwa ni mateso, na ndiyo maana wakulima wa huko wamefunga reli nyembamba za chuma, za mstari mmoja tu, zinazopanda matutani, zikivuta vibehewa vidogo vya kubebea zabibu. Shemeji alimweleza mama yake hayo yote kwa kirefu, akimwonyesha kwa kidole, akidhani anamliwaza. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo zabibu zinapanda treni," alisema, "na mimi niliyekuzaa napanda ngazi."

Tuliinuka kimya. Nilikuwa nimebadili mkono, nikashika sanduku kwa ubavu, na hapo ndipo zipu, ambayo ilikuwa imeivumilia ile mbuzi tangu Parma, ilipokata tamaa. Haikupasuka kwa kishindo. Ilifunguka polepole, pembe moja hadi nyingine, na kabla sijaweka mzigo chini nazi mbili zilikuwa zimeshatoka. Ya kwanza niliizuia kwa mguu. Ya pili ilidunda kwenye kidato, ikadunda tena, ikapata mwendo, ikapita katikati ya mzee na mkewe waliokuwa wakipanda kwa fimbo za matembezi. Walijibana ukutani pande mbili kama waliofundishwa. Ilipofika kwenye kona nilidhani itagota, lakini ilijigonga kwenye ukuta, ikageuka vizuri kuliko dereva wa daladala, ikaendelea na mkunjo unaofuata. Tulisimama ukingoni tukiitazama ikiteremka kona baada ya kona, na kila ilipopita watu walipiga kelele kwa lugha yao, hivyo tuliweza kujua imefika wapi hata ilipokuwa haionekani.

Sikucheka. Naomba hilo liandikwe mahali. Mke wangu alikuwa amejificha uso kwa mtandio na mabega yake yalikuwa yakitikisika, lakini mimi, ambaye mama mkwe alikuwa akinitazama, niliinama nikaanza kurudisha mchele ndani ya sanduku, punje kwa punje, huku machozi yakinitoka. Mama akadhani nalia kwa uchungu, akanipigapiga begani.

"Nyamaza, baba. Ni nazi tu."

Kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni alitufikia baadaye, amelowa jasho, ameishika ile nazi kwa mikono miwili, nzima, imeingia ufa mdogo tu. Alikuwa ameiokota karibu na stesheni, akakataa kata kata kutuambia alivyoiona ikija. Mama alimwombea dua ndefu kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kuinamisha kichwa kana kwamba ameelewa kila neno.

Sanduku lilifungwa kwa kanga, mbuzi ikabebwa na Shemeji kwapani, ulimi wake wa chuma ukielekezwa nyuma, jambo lililofanya watu watupishe njia kwa adabu kubwa. Hatimaye tulitokeza juu, hatuna sauti. Na juu, pembeni mwa barabara, lilikuwa limesimama basi dogo, mlango wake wazi, likishusha watu. Walikuwa ni wale wale wa foleni ya stesheni. Walikuwa wakavu. Mmoja wao alikuwa na aiskrimu.

Mama alilitazama basi, akaitazama aiskrimu, akamtazama mwanawe.

"Halikuwemo kwenye jedwali," Shemeji akasema.

Usiku ule hatukula samaki, kwa sababu Corniglia ndicho kijiji pekee kati ya vitano kisichokuwa na bandari, na wavuvi hawapandi ngazi kwenda kuuza. Mama alisema amekwisha ona mambo mengi, ila kijiji cha pwani kisichokuwa na diko hajapata kukisikia. Kesho yake tulikwenda Monterosso, ambako wanajivunia dagaa wao wa chumvi, jamaa wa karibu wa dagaa mchele wetu. Waliletwa wachache, wamelazwa kwenye sahani kubwa, wamemwagiwa mafuta ya zeituni na ndimu. Bei alisomewa na mke wangu, aliyeipunguza nusu katika kutafsiri, na hata hiyo nusu Mama aliomba arudiwe. Samaki wawili wakubwa waliofanana na changu tuliwapata kwa bei ya heshima, wakatiwa ndani ya kapu lenye barafu.

Kurudi, Shemeji alitaka kujisafisha, akatukatia tiketi za boti. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, si sana. Mama alikaa mbele kabisa, upepo unampiga, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu Parma. Shemeji, mpangaji, alianza kulewa bahari kabla ya Vernazza, na tulipolipita jabali la Corniglia alikuwa ameegemea ukingo, rangi imemwisha. Abiria wote walinyanyua simu kulipiga picha. Juu kabisa, dirishani, zilikuwa zimeanikwa kanga mbili, moja nyekundu na moja ya njano, na mwanamke mmoja karibu yetu alikuwa akizikuza kwenye kioo cha simu yake akimwonyesha mumewe.

"Kanga zangu hizo," Mama alisema, akaanza kukusanya mkoba wake. "Mwambieni ashushe hapa."

Ilibidi mtu amweleze kwamba boti hupita tu, haisimami Corniglia, na kwamba tutateremka Manarola tupande treni kurudi nyuma kituo kimoja. Mtu huyo hakuwa Shemeji, maana Shemeji hakuweza kufungua kinywa.

Stesheni ya Corniglia safari hii Mama hakutazama juu wala hakumuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye foleni, na basi dogo lilipofika alikaa kiti cha nyuma ya dereva, akapakata kapu la samaki. Mke wangu akakaa ubavuni pake. Mimi nilipata nafasi ya mwisho ya kusimama, na dereva akainua mkono kumzuia aliyekuwa nyuma yangu. Shemeji, ambaye bado alikuwa akiyumba, alisimama nje ya kioo na simu mkononi.

"Mwacheni," Mama alisema. "Kwake yeye ni dakika kumi."

Alifika wakati samaki walikuwa wameshaungwa tui la kwanza, na akakabidhiwa nazi iliyobaki aikune.