Mpiga kinanda wa kanisa apewe kazi ya filamu

Juzi nimegeuziwa shingo na mama mmoja kwa sinema hapa Amsterdam, juu nilisema "wee, usifungue huo mlango" na jamaa kwenye skrini alikuwa anaufungua, na sisi wote tulikuwa tumeshaona nani yuko nyuma. Haikuwa hata kelele. Hawa watu hukaa mbele ya filamu kama wamefiwa, halafu katikati taa zinawashwa, wanaenda kununua bia, wanarudi kunyamaza tena.

Naandika juu ya filamu, kwa hivyo msinianze na ati sijui adabu. Nazijua. Ni vile nimelelewa na DJ Afro, mtu anakuchezea kung fu huku anaihubiri kwa Kiswahili na kibanda kizima cha video kinamjibu, kisha Jumapili unajibu pasta vile vile. Shule ni moja.

Majengo yenyewe yamebadilishana kazi. Paradiso, hapa karibu na Leidseplein, ni kanisa la karne ya 19 lililogeuka ukumbi wa muziki 1968, vioo vya rangi bado viko nyuma ya jukwaa na vijana wanaruka mbele yake. Kwetu Nairobi sinema za mjini zikifa ni makanisa yanaingia, viti tayari, jukwaa tayari. Shan ya Ngara iliponea tu juu watu wa sarakasi waliichukua.

Sasa kuna mtu ameshaanza kuchapa "ameenda majuu akasahau Mungu". Tulia ndugu. Jumapili utanipata Bijlmer, mtaa wa hapa Amsterdam, huko makanisa ya Waafrika mengine yalianzia kwa gereji za chini ya maghorofa, na hakuna mtu hunigeuzia shingo.

Na ni huko nimekaa nikimwangalia mpiga kinanda. Pasta anaanza kuomba taratibu, huyu anaingia chini ya sauti bila kuambiwa, pasta akipanda anapanda, pasta akivunjika sauti anashika noti moja na kungoja. Hakuna karatasi, hakuna mazoezi, macho tu. Ukienda Tuschinski, sinema ya 1921 hapa mjini, utakuta kinanda kikubwa cha enzi za filamu bubu, na aliyekaa pale alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo. Waholanzi wanakitunza kama dhahabu. Sisi huyo mtu tunaye hai karibu kila mtaa na hatumwoni.

Hapo ndio nakasirika. Filamu zetu zinabandika muziki wa huzuni wa bure wa intaneti tangu mwanzo hadi mwisho, mtu anakunywa chai violini zinalia, anatafuta funguo violini zinalia, sasa mamake akifa kweli mtaweka nini? Usiniambie ni bajeti, kunyamaza hakulipishwi. Na wewe unayesema "hata wazungu wanafanya hivyo", ndio, wanafanya na huwa nawaandikia vibaya pia, lakini zao si zangu, haziniumi.

Kinanda cha kanisa kinajua kunyamaza. Sawa, isipokuwa wakati wa sadaka, hapo nakubali kimeajiriwa.

Kwa hivyo dairekta wa Nairobi, kabla hujapakua hiyo violini tena, pita Umoja Jumapili, kaa karibu na spika, mngoje kijana amalize ibada umwonyeshe simu yako, mpe tukio moja tu bila sauti uone atafanya nini.