Nyumba ya stesheni inataka mpangaji

Kila nikituma picha ya stesheni ya Dent kwenye kundi la familia, jibu ni lile lile: wazungu hutunza, sisi hubomoa. Mimi wa Voi, sasa naishi Leeds, na jibu hilo limeanza kunichosha.

Dent iko kwenye reli ya Settle hadi Carlisle, maili 72 za milima na mvua kaskazini mwa England. Kampuni ya Midland ilianza kuijenga 1869, abiria wakaipanda 1876. Stesheni zake zilichorwa na msanifu wa kampuni, John Holloway Sanders, kwa mtindo mmoja wenye saizi tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Ndiyo maana ukishuka yoyote unahisi ulishawahi kufika. Kuta ni za mawe, paa limesimama wima theluji iteleze, na kingo zake zimepambwa kwa mbao zilizochongwa kama za kanisa. Stesheni masta alijengewa nyumba yake kando. Hapo Dent ni mita 350 juu ya bahari, hakuna stesheni ya reli kuu England iliyo juu zaidi, na kijiji chenyewe kiko bondeni, zaidi ya kilomita sita. Wenyeji wana utani wao: ukiuliza kwa nini stesheni iko mbali hivyo, utaambiwa labda walitaka iwe karibu na reli.

Reli yetu ni ndugu ya hii. Ilianzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, mwaka aliofariki Malkia Victoria. Kwetu walikufa makuli wa Kihindi wapatao 2,500. Huku, walipokuwa wakijenga daraja la Ribblehead lenye matao 24, vibarua waliishi na wake na watoto kwenye vibanda, na wapatao 200 wamezikwa kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale.

Sasa huo utunzaji. Mwaka 1970 Dent na nyingi za jirani zake zilifungwa. Miaka ya 1980 wakuu wa reli walitaka kuifunga njia nzima, wakidai kukarabati daraja ni ghali mno. Walioiokoa ni wananchi wasumbufu: pingamizi zaidi ya 22,000, moja likiwa la mbwa aitwaye Ruswarp, aliyetia sahihi kwa unyayo wake. (Leo ana sanamu stesheni ya Garsdale. Kwetu nani angempokea mbwa ofisini?) Serikali ilisalimu amri 1989.

Ninachokiona mimi ni kilichofuata. Majengo hayakuachiwa askari wa zamu na kufuli. Stesheni ya Dent inalaza wageni, na nyumba ya stesheni masta pale Ribblehead vilevile. Anayelala humo analipa, mfereji wa paa unazibuliwa, mbao zinapakwa rangi. Nyumba isiyo na mtu, mchwa wanahamia.

Tangu reli mpya ya SGR ianze 2017, stesheni nyingi ndogo za reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi hazioni treni ya abiria. Kila anayezililia anataka makumbusho. Makumbusho ya reli tunayo Nairobi tangu 1971, na ni mazuri, lakini huwezi kuweka tiketi za zamani na kofia ya gadi kila kituo hadi pwani. Nani atalipa kiingilio mara kumi?

Kinachohitajika ni wapangaji: mama wa hoteli, duka la dawa, zahanati, vyumba vya watalii wa Tsavo. Najua mtakachosema: ukishampa mtu funguo, mwaka wa pili ana hati miliki na ukuta. Hofu hiyo ni ya haki, ardhi ya reli imeliwa tukitazama. Basi iwe kukodisha tu, miaka kumi na tano, ardhi ibaki ya reli, na anayegusa umbo la paa anatolewa.

Na orodha ya wapangaji ibandikwe ukutani pale pale stesheni, na kodi ya kila mmoja.