Lita 180 chini ya Land Cruiser

Kaa kijiweni jioni na madereva wa watalii pale Arusha, utakuta mada mbili haziishi: tipu na mafuta. Tipu kila mtu ana siri yake. Mafuta wanabishana hadharani, na siku hizi ubishi umehamia kwenye tenki kubwa, lile la kuagiza nje au la kuchomelewa gereji, ili gari libebe dizeli nyingi kuliko lilivyotoka kiwandani. Wapo wanaosema bila tenki hilo huwezi kuitwa mtu wa safari. Wapo wanaosema huko ni kutembea na sheli mgongoni. Mimi nimeshakaa pande zote mbili, na upande wa kwanza nilitoka nikinuka dizeli.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanairuka. Land Cruiser pikapu ya 79 hutoka na tenki la lita 130. Tenki la kubadilisha linalopendwa kwa gari hilo ni la lita 180. Kwa hiyo unachonunua si lita 180, ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na turbo, ikibeba wageni, mabegi na friji, mimi naihesabia kilomita 6 kwa lita kwenye barabara ya vumbi, na 5 mkiwa mnazunguka kutafuta wanyama kwa gia ndogo. Lita 50 ni kilomita 250 hadi 300. Swali ni moja tu: kwenye ruti zako, hizo kilomita 300 ziko wapi?

Kaskazini sizioni. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita mia tatu na ishirini na kitu kupitia Karatu na Ngorongoro. Karatu kuna sheli, na Seronera ipo. Hata mkipandisha hadi Kogatende kuwangoja nyumbu wavuke Mto Mara, mkishuka mnapita Seronera tena. Hakuna kipande hapo kinachomaliza lita 130. Kinachowauma watu ni bei ya mafuta ndani ya hifadhi, na ndiyo hoja matajiri, yaani wenye magari, wanayouziwa gereji: "Bosi, jaza Arusha, uende na urudi." Haya, tuseme tofauti ni shilingi 200 kwa lita na kila safari ungeongeza lita 60 Seronera. Umeokoa 12,000. Gawanya bei ya tenki, usafiri wake na ufundi wake kwa 12,000, halafu uniambie gari lako litakuwa na umri gani siku tenki litakapojilipa.

Ukienda Ruaha, hesabu inageuka. Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, kwenda na kurudi 260. Weka siku tatu za kuzunguka mbugani, kilomita 120 kila siku. Kwa mwendo wangu wa mafuta hiyo ni lita 115 hivi, na tenki la kiwandani ni 130, ambazo zile za chini kabisa pampu haizivuti vizuri na hutaki izivute, maana ndiko uchafu uliko. Umebaki na nini? Lita kumi na kitu, na hapo hamjakwama mchangani, hamjamvuta mwenzenu, hamjazunguka mto uliojaa. Katavi ni hivyo hivyo, tena masika barabara ya jana leo ni bwawa. Huko lita 50 si anasa hata kidogo.

Kuna na ule mwaka 2023, katikati yake, dola zilipoadimika na sheli zikaanza kufungiwa nyaya kwenye pampu. Aliyekuwa na tenki kubwa alipanga foleni mara moja, mwenzake mara mbili. Hoja hiyo naikubali, ila naipa uzito mdogo. Tenki kubwa halileti mafuta, linakuongezea siku tu, na siku hizo unapata kama lilikuwa limejaa kabla uhaba haujaanza.

Wanaopinga tenki wana jibu lao la haraka: beba madumu. Ni rahisi, ni nafuu, na dumu likitoboka unalitupa. Lakini dumu la lita 20 likijaa dizeli ni kilo 17 za mafuta, bado chuma chenyewe. Matatu juu ya keria ni zaidi ya kilo 50 mahali pabaya kuliko pote, gari likiinama kwenye korongo. Ukiyaingiza ndani, chakula cha wageni kitanuka. Na kumimina kwa faneli upepo ukivuma, nusu kikombe kwenye tenki na nusu kwenye suruali, si jambo la kufanya mbele ya watu waliolipa hela nyingi kuja kunusa pori. Kwa usalama barabarani, tenki la chini linashinda wazi. Mafuta yakae chini.

Ila chini wapi? Hapa ndipo nilipoumia. Tenki langu la kwanza la ziada lilikuwa la lita 90, la bati la chuma, limechomelewa gereji na kuning'inizwa nyuma kabisa ya ekseli, chini ya bampa. Likijaa ni kilo 75 za dizeli, na kwa kuwa ziko nyuma ya ekseli zinabonyeza springi na kuinua pua ya gari. Usukani ukawa mwepesi, taa zikawa zinamulika matawi. Nilivumilia. Safari ya tatu, kabla ya kufika Naabi, lango la kuingilia Serengeti, pale barabara inapokuwa bati kwa bati na meno yanagongana, mgeni mmoja akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nilisimama nikalala chini. Vumbi lote limeganda kwenye tenki isipokuwa mstari mmoja mweusi, umelowa, unadondosha tone baada ya tone pale mkono wa kuning'inizia ulipochomelewa. Nilikata kipande cha sabuni ya mche, nikakikanda kikalainika, nikakisugulia kwenye ufa mpaka kikajaza. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli. Ilitufikisha Seronera.

Tulipolipasua Arusha, ndani kulikuwa kutupu kama ndoo. Hakuna ukuta hata mmoja wa kuyavunja mawimbi ya mafuta, kwa hiyo kila breki ilikuwa nyundo. Tena mikono ilichomelewa moja kwa moja kwenye bati la tenki, badala ya tenki kukumbatiwa na mikanda yenye mpira, likabaki linapindishwa na chesisi kila gurudumu likipanda jiwe. Sisemi fundi wetu hawezi. Nimeona matenki ya Arusha yaliyofungwa vizuri yakadumu. Nasema ukienda, uliza mambo hayo mawili, na uombe ulione tenki kabla halijafungwa mfuniko wa mwisho. Fundi akikwambia "usijali bosi", wewe jali.

La kuagiza linakuondolea wasiwasi huo na kukuletea mwingine. Waaustralia wana uzoefu mrefu wa mambo haya: Long Ranger wanatengeneza la chuma kilichopakwa alumini, ARB wana Frontier la polima, lisiloota kutu wala kuwa na maungio ya kuchomelea. La polima linavutia. Lakini likipasuka Mpanda nani atalishona? La chuma, kila mji una mtu wa kuchomelea, mradi alisafishe kwanza na kutoa mvuke wote wa mafuta. Tenki lililomwagwa tu likachomelewa ni bomu. Halafu matenki hayo yamepimwa kwa gari lilivyotoka kiwandani. Magari yetu mengi ya watalii chesisi imekatwa na kurefushwa, ekzosi imehamishwa, spea imehamishwa. Usilipie kabla hujaingia chini na futi.

Jambo ambalo silisikii kijiweni ni mafuta yenyewe. Zamani dizeli ilikuwa inachakachuliwa kwa mafuta ya taa bila aibu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya mchezo ule ikapungua sana. Maji, hata hivyo, hayajui kodi. Yanaingia kwenye matenki ya ardhini ya sheli, na yanajitengeneza kwenye tenki lako mwenyewe likikaa nusu tupu usiku wa baridi ya Ngorongoro. Ukiwa na tenki moja la lita 180 ukajaza mahali pabaya, umechafua lita 180. Ukiwa na mawili yaliyotengana unafunga moja na kutembelea la pili. Ndiyo maana naziheshimu zile hadtopu za Land Cruiser 78 zenye matenki mawili ya lita 90: jumla ni ile ile, busara ni tofauti.

Na tajiri naye ana hoja yake, haisemi mbele ya dereva. Tenki kubwa ni vigumu kulikagua. Lita tano zikinyonywa kwa mpira usiku, geji haishtuki. Dereva naye anajua anashukiwa hata asipogusa kitu. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa lita ambazo huenda zilivuja tu.

Kwa hiyo nikiulizwa: anayefanya kazi Tarangire, Ngorongoro na Serengeti abaki na tenki la kiwandani na dumu moja la dharura, hela iliyobaki anunue shokapu nzuri. Anayekwenda Ruaha, Katavi au kutafuta njia ya Mahale aongeze, lakini kwa kipimo cha kipande chake kirefu zaidi kati ya sheli mbili anazoziamini na robo juu yake, si kwa ukubwa wa nafasi iliyopo chini ya gari. Lililo bora kwangu ni tenki la ziada mbali na la kiwandani, dogo, lita 50 au 60, lenye koki yake, limekaa kati ya ekseli mbili. Chesisi iliyorefushwa kwa kawaida inaacha nafasi hapo.

Siku ya kulifunga usiondoke gereji kabla hujaijua geji, maana boya la tenki la zamani kwenye tenki la umbo jipya linadanganya. Nenda nalo sheli likiwa tupu, jaza lita 10 kwa 10, kila mara andika sindano imefika wapi. Karatasi hiyo ibandike nyuma ya kizuia jua, upande wa dereva.