Shati la kijivu halina kosa, tatizo ni hiyo suruali nyeusi

Juzi usiku kwenye grupu la kamati ya harusi, mwenyekiti katupia ujumbe: "Wajumbe wanaume, siku ya shughuli shati nyeupe suruali nyeusi. Hayo mashati ya kijivu tusije nayo jamani, hatuendi kulinda geti." Watu wakacheka weee, mama mmoja akaongezea kwamba kijivu ni rangi ya msiba, mhasibu naye akapitia humo humo kukumbushia michango. Mimi nikakaa kimya kwa sababu moja tu, ahadi yangu bado sijaimaliza, na mwenye deni la kamati hana sauti kwenye kamati. Kwa hiyo hasira zangu nakuja kuzimalizia hapa.

Nyeupe kwa nyeusi imetuchosha machalii wangu. Ingia ukumbi wowote Jumamosi, Njiro huku Arusha au kule Moshi mjini, wanaume wametoka hivyo wote, mgeni hivyo, mhudumu hivyo, mpiga kinanda hivyo. Kuna send-off moja nimeshuhudia mzee wa watu, mjomba kabisa wa bibi harusi, anaitwa "kaka samahani, tuletee maji meza hii", na yule mzee kwa ustaarabu wake akainuka akaenda kuyaleta. Halafu eti anayefanana na mfanyakazi ni mwenye shati la kijivu.

Sasa hiyo sura ya mlinzi mnayoisema ipo, sikatai, mjini imejaa. Ila hebu angalia vizuri inatokea wapi. Kijivu hakina ubishi, kinafuata tabia ya kilichokaa nacho. Ukikiweka juu ya nyeusi, tena hizi nyeusi zetu zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa magotini, jicho la mtu linakimbilia kwenye weusi kwanza, likirudi juu linakuta shati limefifia, linaonekana kama jeupe lililofuliwa pamoja na soksi. Ongezea mkanda mweusi wenye lichuma likubwa, viatu vyeusi vya ncha ndefu, funguo zinaning'inia kiunoni, hapo kweli kimebaki kirungu tu. Lakini mchukue mtu huyo huyo na shati lake hilo hilo, mbadilishie suruali tu, mpe ya nevi bluu. Ni mtu mwingine! Shati ambalo dakika moja nyuma lilikuwa limechoka sasa linaonekana limechaguliwa, na hujagusa hata kifungo. Bluu nzito inampa kijivu ubaridi fulani msafi ambao nyeusi haina, na ukiweka na koti lake la bluu hapo juu, tai ya damu ya mzee, viatu vya kahawia, wewe unaingia ukumbini MC anasita kidogo anajiuliza huyu ni wa upande gani, mbona hayuko kwenye orodha ya wageni rasmi.

Na sio bluu peke yake. Kadeti ya ugoro inakubali, kahawia iliyoiva inakubali, jinzi ya bluu nzito isiyochanwa chanwa inakubali kwa ile Ijumaa ya ofisini. Kijani iliyotulia ndio kabisa, na nasema iliyotulia, sio mabaka ya jeshi, hayo utayaelezea mwenyewe ukikamatwa.

Kinachotuua sisi ni kutaka kila kitu kifanane. Mwanaume akinunua shati la kijivu anaenda kutafuta suruali ya kijivu, na haipati ile ile, anapata inayokaribia, na kukaribia ndio kubaya kuliko kuachana kabisa, maana mtu akikuangalia anaona ulikuwa unatafuta suti ukakosa. Ukitaka kijivu juu na kijivu chini weka umbali unaoonekana hata na mtu aliyekaa meza ya mwisho: shati jepesi kabisa, karibu na wingu la asubuhi ya Juni hapa Arusha, na suruali au koti la rangi ya makaa. Au badilisha kitambaa, shati laini la pamba na suruali nzito ya sufi, hata rangi zikisogeleana macho yanaona ni vitu viwili. Suti ya kijivu cha katikati na shati la kijivu cha katikati, hapana, hata kama fundi amekwambia umetoka bomba. Fundi anataka hela yake.

Halafu yale maboksi. Mnayajua, boksi lina kioo cha plastiki mbele, ndani kuna shati la kijivu linalometameta, tai ya kijivu inayometameta, na leso ya kijivu imekunjwa pembetatu na yenyewe inameta. Muuzaji anakwambia "bosi hii ni seti kamili". Seti ya nini? Kijivu kinachometa sio kijivu tena, ni bati. Picha za ukumbini zikipigwa na ile taa ya mpiga video wewe unarudisha mwanga kwa maharusi. Tai siku zote iwe nzito kuliko shati, hiyo tu, na isimete. Leso achana nayo.

Hela ya boksi nenda nayo soko la Kilombero kwenye mitumba, au kama uko Moshi nenda soko la Memorial, siku wanafungua belo, uchambue mwenyewe taratibu. Shika shati la kijivu, liinue kwenye mwanga, angalia kitambaa kwa karibu sana. Kuna ambayo yamepigwa rangi moja tu, bapa, hayana uhai. Na kuna ambayo ukisogeza jicho unaona uzi mweupe unapishana na uzi mweusi au wa bluu, mmoja huku mmoja huku, ukiliweka mbali nyuzi zinachanganyika zinakuwa kijivu. Hilo chukua, usilitangaze kwa sauti jirani yako akasikia. Kijivu cha nyuzi mbili kina kina, ukitembea kinabadilika kidogo kidogo na jua. Halafu geuza kola, pale kwenye mkunjo ndipo kijivu kinapopauka kwanza, unakuta mstari mweupe kabisa umejichora. Muuzaji akiona umeuona ataanza kukupunguzia, na wewe mwache apunguze, maana fundi mzuri anafumua kola anaigeuza upande wa pili inakuwa mpya, kazi ya nusu saa na stori juu. Lichomekee, liachie, yote sawa, ila mabega yakae kwenye mabega.

Hii habari ya kijivu kuwa rangi ya watu wa chini nayo sijui imetoka wapi. Kizazi cha Azimio, watu walioongoza nchi, walivaa Kaunda suti na Chuenlai miaka nenda rudi, ukiangalia picha za 1967 wote wako kijivu. Sawa, najua picha zenyewe hazikuwa na rangi, msinirukie, lakini ya babu yangu niliiona kwa macho, ilikuwa kijivu kweli kweli, mifuko minne, na alikuwa akiivaa hata wanaomdai wanamsalimia kwa heshima. Na Mark Zuckerberg wa Facebook mwaka 2014 aliulizwa kwa nini kila siku fulana ya kijivu, akajibu hataki kupoteza akili kuamua mambo madogo madogo, dunia nzima ikapiga makofi, oh mjanja huyu. Mimi nikivaa la kijivu lenye kola na limepigwa pasi naambiwa nikafungue geti.

Wanaosema kijivu kinatupausha sisi weusi: pakeni mafuta. Julai Arusha kila mtu amepauka, usilisingizie shati. Kama kweli kinakugomea usoni basi jaribu chenye ubluu kidogo badala ya kile kinachoelekea kwenye udongo, shika mawili uyaweke chini ya kidevu mbele ya kioo, utaona mwenyewe lipi linakuua.

Na nyeusi je, haifai kabisa? Inafaa. Naandika hili meno yameuma. Suti nyeusi nzima, sio suruali peke yake, suti, koti limekaa, usiku, shati la kijivu jepesi sana, tai nyeusi nyembamba isiyometa. Hiyo inatoka, tena inatoka vizuri, jamaa mmoja wa Sakina alitoka nayo kwenye harusi ya dada yake nikatafuta kosa usiku kucha sikuliona. Ila angalieni masharti yalivyo mengi hapo, na mwenyekiti wetu hakusema lolote katika hayo, kasema suruali nyeusi basi, na najua watu watakuja na ile ya ofisini.

Kuna jambo moja tu ambalo watu wa nyeupe wananishinda nalo, ni jasho. Kitambaa kikilowa kinameza mwanga kinakuwa cheusi zaidi, kwenye nyeupe huoni sana, kwenye nevi bluu huoni kabisa, kwenye kijivu cha katikati kila mtu anaona, na anaona mpaka ramani. Arusha hapa tuko kama mita 1,400 juu, upepo wa Meru unatusitiri, ukivaa fulana nyepesi ndani na kijivu chako kikiwa chepesi au cha nyuzi mbili unamaliza shughuli salama, unacheza mpaka kwaito. Lakini Moshi iko chini sana kuliko sisi, na kamati imepanga hii harusi Moshi, mwezi wa pili, kuanzia saa nane mchana, na huo ukumbi tuliolipia advansi naujua, feni zake zinazunguka kwa hiari. Siku hiyo nitavaa nyeupe. Suruali yangu itakuwa nevi bluu, na mwenyekiti akitaka anitoe.